Nani kapaka rangi ukuta wa grosari? Historia fupi ya vita vya bia

Najua nimepotea. Kazi za gazeti zimenibana, na mhariri wangu akishashika simu ujue siku hiyo hakuna kulala. Leo nimeiba muda kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi, na nisipoliandika halitanitoka.

Kuna grosari moja hapa Mwenge, ukilipita soko la vinyago unaingia ndani kidogo. Meza sita, friji mbili, televisheni moja ya kutazamia mpira. Mwenyewe ni mama mmoja wa makamo ambaye jina lake silitaji kwa sababu sijamwomba ruhusa. Mimi namwita mama tu, na yeye ananiita mwandishi, akiwa na shida ananiita mwanangu. Ukuta wa mbele wa grosari yake umebanduka rangi. Ukikaa meza ya nje ukautazama vizuri unaona rangi tatu zimelaliana, kila moja ni ya kampuni tofauti. Mwenye jengo aliyetangulia alipakiwa, aliyemfuata akapakiwa juu yake, na kadhalika.

Basi Jumamosi nafika, namkuta kavaa miwani, kashika karatasi mbili zenye nembo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Wewe si umesoma Mlimani hapo juu? Hebu nisomee hii, herufi zenyewe kama chawa."

Nikasoma. Kampuni moja ya bia (nayo siitaji) inataka kumpakia ukuta rangi mpya, kumletea friji kubwa, meza na viti vya plastiki na miamvuli. Hela hatoi hata senti. Kinachotakiwa kwake ni kwamba ukuta ubaki na rangi yao peke yao, na friji ile ya mbele iwekwe bia zao tu. Kijana aliyeleta karatasi alimwambia asiogope, mbona baa zote zinafanya hivyo.

Mama akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliona ni zuri kuliko maswali mengi niliyoulizwa chuoni: "Hawa watu wana viwanda, wana malori, wana wazungu. Mimi nina meza sita. Wananitafutia nini?"

Nilimjibu kwa kirefu, bia yangu ikapata joto. Nawaandikia na ninyi.

Tuanze mbali. Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries jijini Nairobi. Mwaka uliofuata George akauawa na tembo porini, ndugu yake akaipa bia jina la Tusker, kwa maana ya mnyama mwenye pembe. Kwa hiyo yule tembo wa kwenye chupa ndiye muuaji mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1930 Wakenya hao wakakinunua kiwanda cha bia cha hapa Dar es Salaam. Hapo ndipo undugu wa damu wa bia za Kenya na za kwetu ulipoanza, na mnajua ugomvi wa ndugu ulivyo.

Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ikaingia kwenye kiwanda, na hatimaye kikawa mali ya umma kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa, na mwaka huohuo Safari Lager ikaanza kutengenezwa. Wazee wetu wanaokumbuka miaka ya 1980 watakwambia kwamba tatizo la wakati huo halikuwa unywe bia gani. Tatizo lilikuwa kuipata. Ulikwenda baa na chupa tupu mkononi, maana bila chupa tupu hupewi iliyojaa. Baa yenye kreti ilikuwa na wateja wengi kuliko viti. Hebu fikiria meneja mauzo katika hali hiyo anafanya kazi gani! Hakuna aliyekuwa na haja ya kupaka ukuta wa mtu.

Halafu Mzee Mwinyi akafungua milango, ndiyo enzi za ruksa. Tusker zikaanza kuvuka mpaka kuja kusini, nzuri na baridi, na kiwanda chetu kikiwa na mitambo iliyochoka hakikuweza kushindana. Mwaka 1993 serikali ikatafuta mbia. Akaja South African Breweries, kwa kifupi SAB, kampuni iliyokuwapo tangu mwaka 1895 na iliyojua biashara ya bia Afrika kama mvuvi wa Kunduchi anavyoijua bahari. Ikachukua nusu ya Tanzania Breweries, yaani TBL.

Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo mkakati ulipoanza.

Chuoni tulifundishwa habari za Michael Porter, profesa wa Harvard, aliyetoa kitabu chake maarufu cha mikakati ya ushindani mwaka 1980. Kwa kifupi anasema kampuni ina njia tatu za kumzidi mwenzake: ama utengeneze kwa gharama ndogo kuliko wote, ama utengeneze kitu ambacho watu wanakiona tofauti na wako tayari kukilipia zaidi, ama uchague kundi dogo la wateja ulihudumie hilo vizuri. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau.

Lakini ukiitazama TBL ya miaka ile unaona mambo yote hayo kwa macho. Mitambo ikafumuliwa, gharama zikashuka. Mwaka 1996 ikazaliwa Kilimanjaro Premium Lager, bia ya kumwambia Mtanzania kwamba mlima ni wako na bia ni yako, sasa Tusker ya nini? Kanda ya Ziwa ikapewa Balimi, jina ambalo Msukuma akilisikia anajua ni wakulima, yaani yeye mwenyewe. Septemba 1998 TBL ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, kampuni ya pili kuorodheshwa baada ya TOL.

Wakenya hawakukaa kimya. Badala ya kuendelea kuleta bia kwa malori na kulipa ushuru mpakani, waliingia wenyewe, wakawa na kiwanda Moshi, Kibo Breweries, na bia yake Kibo Gold. Tazameni utani wa mambo: kampuni mbili zinagombana, moja imechukua jina la mlima mzima, nyingine imechukua jina la kilele chake. Mchaga akikaa baa Moshi mjini anachaguliwa anywe mlima upi.

SAB nayo ikajibu kwa kisu kilekile. Mwaka 1998 ikafungua kiwanda Thika, kilomita chache kutoka Nairobi, ikaanza kuwauzia Wakenya Castle nyumbani kwao. Wakenya wakajibu kwa uzalendo: Tusker ikatangazwa kwa kaulimbiu ya bia yangu, nchi yangu. Kampuni ambayo ilianzishwa na Waingereza na iliyokuwa na mkono wa Guinness ndani yake ikawa bendera ya taifa. Siwalaumu, iliwasaidia.

Sasa, kwa nini kampuni iende ikajenga kiwanda kwa adui, mahali ambapo inajua itapata hasara miaka mingi? Hapo ndipo mama aliponyanyua macho kwenye karatasi. Nikamwambia, mama, chukua mfano wa grosari yako. Ukigombana na jirani yako wa ng'ambo ya barabara, akishusha bei kwako, wewe huna la kumfanya ila kushusha na wewe, mnaumia wote. Lakini kama na wewe una kibanda kidogo mlangoni kwake, akikugusa huku unamgusa kule. Kile kibanda hata kisipokupa faida, kinakulinda. Kiwanda cha Thika kilikuwa kibanda cha SAB mlangoni kwa Wakenya. Kiwanda cha Moshi kilikuwa kibanda cha Wakenya mlangoni kwa SAB. Kila mmoja kamshika mwenzake shati.

Tatizo ni kwamba kibanda cha bia ni ghali. Tuchukue hesabu ya kubuni tu. Tuseme kiwanda kinakula shilingi milioni 100 kwa mwezi hata kama hakijauza kitu: umeme, mishahara, mikopo ya mitambo. Ukiuza chupa milioni moja, kila chupa inabeba shilingi 100 za mzigo huo. Ukiuza chupa laki mbili tu, kila chupa inabeba shilingi 500. Na bado hujanunua chupa zenyewe na kreti, ambazo nusu zinazunguka mitaani bila kurudi, wala hujajaza mafuta malori yanayokwenda mbali na bia kidogo. Ndiyo maana kwenye bia anayeuza nyingi anauza kwa raha, na anayeuza kidogo anauza kwa machozi. Thika ilikuwa ya machozi. Moshi nayo pia.

Vita hiyo ilidumu miaka kama minne. Halafu mwaka 2002 wakubwa wakakaa chini.

Wadau, mimi mwaka 2002 nilikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo nimeisoma habari hii kwenye magazeti ya zamani, na kila nikiisoma nacheka peke yangu. SAB ikafunga Thika. East African Breweries, yaani EABL, mama wa Kenya Breweries, ikaiachia TBL Kibo Breweries, na kiwanda cha Moshi kikaacha kutengeneza bia. EABL ikapewa asilimia 20 ya TBL. SAB ikapewa asilimia 20 ya Kenya Breweries. Huku Tanzania, TBL ikapewa leseni ya kutengeneza Tusker na Guinness. Kule Kenya, Castle ikaingia mikononi mwa Wakenya. Mwaka huohuo SAB ikainunua Miller ya Marekani ikawa SABMiller, kwa hiyo bila shaka ilikuwa na mambo makubwa zaidi ya kufikiria kuliko Thika.

Wenyewe waliuita ushirikiano. Mnaweza kuuita mnavyotaka. Ukweli ni kwamba baada ya hapo kila mmoja alibaki na nyumba yake, na kila mmoja akawa anapata kipande cha faida ya mwenzake. Ukiwa na asilimia 20 ya jirani yako, ukimshushia bei unajishushia na wewe. Ni ujanja wa hali ya juu. Hakuna aliyeshinda kwa bia tamu zaidi wala kwa bei ndogo zaidi. Waligundua kwamba faida kubwa kuliko zote ni kutokuwa na mshindani, na Porter wa mtihani wetu sikumbuki kama tulimsoma mpaka hapo.

Na wafanyakazi wa viwanda vilivyofungwa? Kwenye magazeti wanapata aya moja, mara nyingi ya mwisho. Mimi ni mwandishi, najua aya ya mwisho ndiyo mhariri anayoikata nafasi ikiwa finyu.

Kumbukeni pia kwamba wakati ule Sheria ya Ushindani tunayoijua haikuwapo. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1994, lakini hii iliyozaa Tume ya Ushindani, FCC, ni ya mwaka 2003. Ndoa ilifungwa mwaka mmoja kabla ya sheria ya mshenga mkali kutungwa.

Ndoa zenyewe za namna hii zina kasoro moja. Umempa mpinzani wako bia yako akuuzie. Yeye ana Safari, ana Kilimanjaro, ana Castle. Gari lake la usambazaji likiwa na nafasi ya kreti kumi, unadhani atapakia Tusker ngapi? Miaka ikapita, EABL ikaanza kulalamika kwamba bia zake Tanzania hazisukumwi inavyotakiwa, mambo yakaenda kwa mawakili.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu ambaye wakubwa wote wawili hawakumpigia hesabu. Serengeti Breweries, iliyojulikana zamani kama Associated Breweries, ilikuwa ndogo, kiwanda chake kipo Temeke, Chang'ombe. Ilikuja na Serengeti Premium Lager, ikasema yetu ni kimea kitupu. Ndiyo ile njia ya pili ya Porter, kuonekana tofauti. Ikajishikiza kwa Taifa Stars enzi za Marcio Maximo, wakati nchi nzima imevaa jezi. TBL ikajibu kwa kuwadhamini Simba na Yanga wote wawili kupitia Kilimanjaro, maana yake hata ukimchukia mtani wako mnakunywa chupa moja.

Na vita ikashuka mpaka ukutani. Mwaka 2009 Serengeti ilipeleka malalamiko FCC, kwamba TBL ilikuwa inaingia mikataba na wenye baa kuhusu matangazo, na kwamba matangazo ya Serengeti yalikuwa yakiondolewa. Tume ikaamua dhidi ya TBL, TBL ikakata rufaa. Nikamwambia mama: unaona? Kesi nzima ilikuwa ni ukuta kama wako huu. Mawakili wa suti wamekaa meza ndefu wanajadili nani kapaka rangi baa ya nani.

Akasema, "Kumbe!"

Mwaka 2010 EABL ikanunua asilimia 51 ya Serengeti kwa karibu dola milioni 60. FCC ikaruhusu kwa masharti, moja likiwa EABL iachie hisa zake za TBL, kwani haiwezekani ukawa mwenye nyumba mbili zinazogombana. Basi mwaka 2011 zile hisa, karibu milioni 59, zikauzwa kwa umma kupitia soko letu la hisa kwa shilingi 2,060 kila moja. Ni zaidi ya shilingi bilioni 120. Kule Kenya, EABL ikanunua tena asilimia 20 yake iliyokuwa mikononi mwa SABMiller kwa takriban shilingi bilioni 19.5 za Kenya. Talaka imekamilika, vyombo vimegawanywa. Na Serengeti ikajenga kiwanda, wapi? Moshi! Palepale mlimani walipotoka Wakenya mwaka 2002. SABMiller yenyewe ikaja kumezwa na AB InBev mwaka 2016, kwa hiyo aliyekuwa simba wa Afrika naye akawa kitoweo.

Nimesoma watu wakisema vita hivi ni vya wazungu, sisi ni wanywaji tu. Mimi sikubali kabisa. Tangu wapinzani wawe wawili tena, mtu wa Mwenge ana bia za kuchagua, na mwenye grosari ana kitu ambacho kati ya mwaka 2002 na talaka ile kilikuwa kidogo sana: anabembelezwa. Yule kijana wa karatasi hakuja kwa sababu anampenda mama. Alikuja kwa sababu kuna kijana mwingine mwenye karatasi kama yake yuko njiani.

Ndiyo jibu la swali la mama. Kiwanda kinaweza kuigwa, na bia hata chupa inaweza kuigwa. Kampuni ikishatumia mabilioni kwenye mitambo na mpira wa miguu, bado mtu anafika kaunta kachoka, anasema nipe ya baridi. Sekunde ile, kinachoamua ni friji ya mbele ina nini. Meza sita za mama zikijumlishwa na meza sita za wenzake kuanzia Mwenge mpaka Tandika ndizo soko lenyewe. Sheria ilipotungwa ilimtazama kwa jicho la pekee mwenye zaidi ya asilimia 35 ya soko, na asilimia hizo haziko Soko la Hisa, ziko kwenye kuta kama zile.

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hawa wakipatana tena kama walivyopatana ile 2002, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na rangi, mama."

"Na friji je?"

Tukarudi kwenye karatasi. Friji ni mali ya kampuni, mkataba ukiisha inachukuliwa. Umeme analipa yeye. Muda wa mkataba ulikuwa umeachwa wazi, kuna mstari mtupu na nukta nukta. Nikamwonyesha kidole pale.

Jumatatu jioni nilikuwepo yule kijana aliporudi. Mtoto mstaarabu, amevaa fulana ya kampuni, pengine tulikuwa chuo kimoja. Mama hakumwambia habari za Thika wala za Moshi. Alimwambia, "Mwanangu, andika hapa miezi sita. Na hapa andika friji ya nyuma naweka ninachotaka. Na umeme wa friji yenu mnachangia nusu."

Kijana akacheka, akaona mama hacheki, akaacha. Akasema itabidi amuulize bosi wake. Mama akamwambia hamna shida, amuulize, na akimaliza ampe na soda moja ya barabarani maana jua lilikuwa kali.

Leo Alhamisi hajarudi. Jana, anasema mama, amekuja mwingine, wa kampuni ile nyingine, amepima ukuta kwa futi na kuondoka.